Kuandaa Mchezo wa Mtu Mmoja Kuhusu Njaa na Pantri za Chakula: Mwongozo Kamili

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na ukumbini wamekaa wote wawili, bega kwa bega, wala hujui nani ni nani. Hapo ndipo ugumu wa mchezo huu unapoanzia. Ukiigiza njaa kwa kushika tumbo na kulegeza macho, aliyeshiba atakuhurumia, mwenye njaa atatazama sakafu, na utakuwa umewakosa wote wawili. Msimamo wangu ni huu: njaa ya Marekani ya leo, ile inayopitia kwenye pantri za chakula, iigizwe kama kazi. Ina saa za kuripoti, ina nauli, ina fomu za kujaza na mzigo wa kubeba. Mwonyeshe mtu akiifanya kazi hiyo, huruma itajitafutia njia.

Nawaandikia hasa wasanii wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, katika miji kama Louisville, jimbo la Kentucky, ambako Wakongo wengi wamehamishiwa kutoka kambi za wakimbizi. Aliyeko Dar es Salaam au Nairobi naye ataokota ya kwake.

Hatua ya kwanza: jua chakula kinatoka wapi

Kabla ya kuandika mstari hata mmoja, elewa mtambo wenyewe. Benki ya chakula ni ghala kubwa: hupokea shehena kutoka viwandani, mashambani, kwenye maduka makubwa na serikalini. Pantri ni kile kituo kidogo cha mtaani, mara nyingi basimenti ya kanisa, yaani chumba cha chini, kinachochukua chakula benki na kukigawa kwa familia. Mtandao mkubwa zaidi, Feeding America, una benki takriban 200 zinazolisha pantri na majiko ya hisani yapatayo 60,000. Watazamaji wengi hawajui tofauti ya benki na pantri, na huna haja ya kuwapa somo. Ila wewe ukichanganya, aliyewahi kupanga foleni atakujua mara moja.

Historia yake ina maigizo ndani yake. Mwaka 1967, huko Phoenix, Arizona, John van Hengel alianzisha St. Mary's, inayohesabiwa kuwa benki ya kwanza ya chakula duniani. Habari inayosimuliwa siku zote ni kwamba wazo alilipata kwa mama mmoja mwenye watoto kumi aliyekuwa akiokota chakula kizima kwenye mapipa ya duka, na mama huyo ndiye aliyesema pangekuwepo mahali pa kuweka chakula akiba na kukichukua. Van Hengel jina lake limebaki. La yule mama halitajwi. Mimi ningeweka hapo dakika tatu za mchezo.

Kisha kuna jibini. Desemba 1981 Rais Reagan aliruhusu pauni milioni 30 za jibini lililokuwa limelundikana kwenye maghala ya serikali zigawiwe maskini. Mpango wa chakula cha serikali uliofuata, mwaka 1983, ulianzishwa kama msaada wa dharura wa muda tu. Hadi leo upo, na sehemu ya makopo utakayoyaona pantri yanatokana nao. Wazee wengi wanaojitolea wanalikumbuka lile jibini, na wakianza kulisimulia hawanyamazi. Waache waseme.

Soma pia kanuni za fudi stempu, msaada wa serikali wa kununulia chakula, ambazo tangu 2008 zinaitwa SNAP na hulipwa kwa kadi. Kadi hiyo hainunui sabuni, hainunui nepi, hainunui dawa, na kwa kawaida hainunui chakula cha moto kilichopikwa tayari. Mwandishi makini atasimama hapo. Mtu ana kadi mkononi, kuku wa kuokwa yuko mbele yake, wa moto, bei poa, naye inambidi aende jokofuni akamchukue mbichi. Na kama hana jiko? Tayari una onyesho.

Kwa jamii yetu kuna jambo jipya zaidi. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 iliwatoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye orodha ya wanaostahili SNAP mpaka wapate ukaazi wa kudumu. Kabla yake mkimbizi alistahili tangu siku ya kufika. Ukiandika mchezo wa mama aliyeletwa kutoka kambini, hakikisha unajua alifika lini na kama ameshapata ukaazi wa kudumu, kwa sababu hayo ndiyo yanayoamua anakula nini.

Hatua ya pili: ingia pantri kwa mlango wa kazi

Jiandikishe kujitolea. Usiende na daftari, nenda na mikono. Panga makopo, funga mifuko ya mchele, simama mlangoni uandikishe watu. Fanya hivyo mpaka wazoee uso wako, ndipo umweleze msimamizi kwamba wewe ni msanii na una nia gani. Akikataa, mshukuru na uendelee kupanga makopo.

Vitu vya kutazama ni vidogo. Foleni inaanza saa ngapi, na mlango unafunguliwa saa ngapi? Tofauti ya hizo mbili ndiyo mchezo wako. Nani anakuja na mkokoteni, nani na mkoba wa mtoto wa shule? Tazama wanaojaza fomu: jina, anwani, idadi ya watu nyumbani, kipato. Pantri nyingine hudai uwe mkaaji wa eneo lake, nyingine huruhusu mara moja kwa mwezi tu, nyingine hazimuulizi mtu lolote. Tazama kama watu wanapewa sanduku lililokwisha kufungwa au wanapita kwenye rafu na kuchagua wenyewe. Mwili wa mtu anayechagua na mwili wa anayepokea haufanani. Mwigizaji asiyeliona hilo hajatazama.

Sikiliza pia wanavyosemeshana Waswahili wenzetu pale. Mtu wa pwani atajifanya amekuja kumsindikiza jirani. Mwingine ataacha gari mtaa wa pili. Sitara ni kitu kikubwa kwetu, na kuonekana unapewa chakula kunauma kuliko kukikosa. Wakati huohuo utamkuta mama wa Uvira, mashariki mwa Kongo, asiye na haya hata kidogo, kwa kuwa alikaa Nyarugusu, mkoani Kigoma, miaka nenda rudi, akipanga foleni ya mgao wa WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa: unga, kunde, mafuta, chumvi. Kambi hiyo ilifunguliwa 1996. Kuna watu wazima leo waliozaliwa ndani yake, na mgao wao umewahi kupunguzwa zaidi ya mara moja. Kwao foleni ya Kentucky ina kiyoyozi na mtu wa kukusalimia. Kinachowashangaza ni kuikuta hapa. Waliambiwa wanakwenda Marekani.

Huyu mama ndiye ningempa uti wa mgongo wa mchezo.

Hatua ya tatu: kusanya simulizi bila kuziiba

Anna Deavere Smith, mwigizaji wa Marekani, amejenga jina kwa kurekodi mazungumzo na watu halisi, kisha kuwaigiza wote yeye mwenyewe, pamoja na vigugumizi vyao. Njia yake ni nzuri kuisoma, lakini kwenye pantri ina mitego.

Usirekodi kwenye foleni kamwe. Mtu aliye foleni hana uhuru wa kukukatalia, anaweza kudhani wewe ni sehemu ya masharti ya kupewa chakula. Omba mkutane siku nyingine, mahali anapopapenda, na mlipe muda wake. Mweleze kwa Kiswahili chepesi sauti itakwenda wapi, nani ataisikia, na kwamba anaweza kuiondoa mpaka wiki ya onyesho. Badilisha jina, mji, idadi ya watoto na kazi. Kama mambo yake ya uhamiaji bado yanashughulikiwa, usirekodi kabisa. Sikiliza, nenda nyumbani, andika mhusika mwingine kutoka kwenye watu watatu wanne.

Maswali yawe ya saa na vitu. Ukimuuliza mtu mzima, "Mama, ulijisikiaje ulipokosa chakula?" atakupa jibu la heshima lisilo na kitu. Muulize, "Mama, siku ya pantri unatoka nyumbani saa ngapi? Watoto unamwachia nani? Ukifika na sanduku, unaanza kutoa nini?" Hapo utapata vitu ambavyo usingevitunga. Salamu zako ziwe ndefu. Kwa mzee anza na shikamoo, uliza habari za watu wake, kunywa chai ukipewa. Ndiyo, utapewa chai na mkate nyumbani kwa mtu unayekuja kumhoji kuhusu njaa. Ikatae uone mazungumzo yanavyokufa.

Hatua ya nne: tafuta ngazi ya mchezo

Mchezo wa mtu mmoja wa saa nzima hauwezi kuwa mlolongo wa watu wanaoingia na kulalamika. Unahitaji kitu kinachopanda. Nakupa ngazi mbili.

Ya kwanza ni siku moja. Mchezo unaanza saa kumi na moja alfajiri na kuisha saa saba mchana, mama anapotakiwa kazini. Kila tukio lina saa yake, na hadhira inajua basi litapita lini. Ngazi hii ni salama na inafaa kwa anayeanza.

Ya pili naipenda zaidi. Mwaka 1995 serikali ya Marekani ilianza kuuliza kaya maswali kuhusu uhakika wa chakula. Kwa nyumba yenye watoto maswali yanafika 18, na yamepangwa kutoka mepesi kwenda mazito. Linaanza la wasiwasi: je, mliwahi kuhofu chakula kitaisha kabla hamjapata pesa nyingine? Halafu kama kiliisha kweli. Halafu kama watu wazima walipunguza sahani au waliruka mlo. Halafu kama mtu mzima alimaliza siku nzima bila kula. Mwishoni kabisa yanakuja maswali kuhusu watoto. Baadhi ya majibu ni mara nyingi, wakati mwingine, au haijawahi kutokea. Watakwimu wamekuandikia muundo wa tamthilia bila kukusudia. Weka sauti iliyorekodiwa, baridi na ya upole, inayouliza. Mwigizaji ajibu kila swali kwa mhusika tofauti, na mama wa Nyarugusu arudi kila baada ya maswali machache, akiwa ngazi moja juu ya alipokuwa.

Kwa utafiti huo, mwaka 2023 asilimia 13.5 ya kaya hazikuwa na uhakika wa chakula, watu wapatao milioni 47.4. Septemba 2025 wizara ya kilimo ilitangaza kwamba itaacha kutoa ripoti hizo. Hilo linakupa tukio la mwisho usilopaswa kulieleza sana: sauti inaanza kuuliza swali, inakatika katikati, na mama amebaki amesimama tayari kujibu.

Hatua ya tano: andika

Wahusika wanne au watano wanatosha. Mama. Mtoto wa miaka kumi anayemtafsiria mama mbele ya meza ya fomu, na anayejua kipato cha nyumba kuliko anavyostahili kujua. Mzee anayejitolea, wa zama za jibini. Dereva wa lori la benki ya chakula. Na mmoja anayejitolea ambaye, pantri ikifungwa, hujaza mfuko wake kimyakimya na hakuna anayemuuliza. Wapo wengi, na huyo humvuruga mtazamaji anayedhani anajua nani anatoa na nani anapokea. Mfadhili tajiri mwenye roho mbaya mwache nje. Kila mtu humwandika, na hajawahi kunifundisha lolote.

Weka vichekesho, na viwe vingi kuliko unavyodhani ni adabu. Watu wa foleni wanacheka sana. Huu ni mfano wa kipande niwezacho kukiweka mapema kwenye mchezo:

MAMA *(anashusha sanduku, hakai)*: Leo wametoa maharage ya kopo. Mungu awabariki. Ila yametiwa sukari, sasa sijui nipike mboga ama nipake kwenye mkate. *(Anageuka, kama kuna aliyemvuta nguo.)* Nini? Mtoto ananiambia, mama, usiseme kwa sauti, yule mzee wa mlangoni ameshajua kusema "asante", huenda ameshajua na mengine. *(Anacheka. Anatazama saa ukutani.)* Basi la saa tano na robo limepita. Lingine ni la saa sita na robo. Kazini naingia saa saba. Fanya hesabu wewe, maana mimi nimechoka kuifanya.

Hakuna palipotajwa njaa. Ukiona mhusika wako anatamka neno hilo, kata sentensi, tazama kama tukio bado linasimama. Mara nyingi linasimama vizuri zaidi.

Kuhusu lugha: mama wa Uvira atakuambia bugali na sombe, atashukuru kwa aksanti. Mwanawe aliyekulia Kigoma atasema ugali na kisamvu. Wa Mombasa ana mambo yake. Usiwasawazishe wote kwa Kiswahili cha redio. Kama hadhira imechanganyika, tafsiri irushwe ukutani, lakini utani mmoja au miwili iache bila tafsiri. Wenye lugha watacheka peke yao, na kwa sekunde chache wasemao Kiingereza tu ukumbini watajua inakuwaje kusimama mbele ya fomu usiyoielewa.

Hatua ya sita: mwili na vifaa

Kila mhusika apewe mahali pa kutazama, uzito wa miguu na jambo moja la mikono. Mtoto anatazama juu kulia, kwa karani. Mama anatazama saa. Mzee wa jibini anasimama kwa visigino. Mabadiliko yafanyike kwa pumzi moja, bila kuvaa na kuvua. Kanga moja inatosha kuwa shali, mzigo, mtoto mgongoni na kitambaa cha meza.

Sanduku liwe moja, na liwe zito kweli. Kopo la kawaida lina gramu 425 hivi za chakula; weka 24 na tayari umepita kilo kumi. Waigizaji hupenda kubeba boksi tupu na kuigiza uzito, na hadhira hugundua mabegani. Ukibeba mzigo wa kweli tangu siku ya kwanza ya mazoezi, sauti itapungua yenyewe pale inapotakiwa kupungua, na utajua ni mstari gani mrefu mno kwa mtu aliyebeba. Fanya mazoezi ya mgongo, usijiumize.

Chakula kisimwagwe jukwaani. Najua kuna waongozaji wanaona unga ukirushwa hewani chini ya taa unapendeza. Kwa mchezo huu ni tusi.

Hatua ya saba: mazoezi na jicho la nje

Mchezo wa mtu mmoja hauandaliwi na mtu mmoja. Tafuta mwongozaji, hata kama ni rafiki mkali tu mwenye muda. Kisha, wiki mbili tatu kabla ya onyesho, waalike wale waliokusimulia na wengine wa pantri, uwachezee wao kwanza, bila taa wala mbwembwe. Usiwaulize kama wameupenda. Waulize wapi umedanganya. Wakikuambia tukio fulani litoke, litoke, hata kama ndilo ulilolipenda. Watatoa sababu au hawatatoa, si lazima.

Muda usizidi dakika 70, bila mapumziko.

Hatua ya nane: ukumbi, tiketi na baada ya onyesho

Basimenti ya kanisa yenye pantri ni ukumbi mzuri kuliko ukumbi. Rafu zipo, taa za mirija zipo, harufu ya maboksi ipo. Omba siku isiyo ya ugawaji, usizuie mtu kupata chakula kwa ajili ya sanaa yako.

Watu watakushauri kiingilio kiwe kopo la chakula. Nia ni njema, lakini umemfungia mlango asiye na kopo, au umemlazimisha alete lile alilopewa juzi. Weka tiketi za bure zisizohitaji maelezo na kikapu cha mchango mlangoni. Pesa ndiyo iombwe zaidi kuliko makopo, kwani benki za chakula hununua kwa bei ya jumla na huweza kununua mboga mbichi na nyama.

Walishe watu kabla ya mchezo. Sambusa, pilau, chai ya maziwa, chochote. Kila mtu ale, bila foleni, akiwa amekaa. Ukiwalisha baada ya onyesho, kuna watakaotoka mapema ili wasionekane wakila, na wengine watakaa saa nzima wakisikia harufu na hawatasikia unachosema.

Mazungumzo ya baada yawe mafupi, mwenyeji akiwa mtu wa pantri, wewe ukae pembeni. Mwenye kuongoza asithubutu kuuliza, "Nani hapa amewahi kulala na njaa? Inua mkono." Karatasi ndogo yenye saa za pantri za karibu, simu ya 211 inayoelekeza watu kwenye misaada ya maeneo yao, na jinsi ya kuomba SNAP, iwekwe kwenye kila kiti, kwa Kiswahili na Kiingereza. Ikiwa mezani, anayeihitaji hatainuka kuichukua.

Makopo 24 ya jukwaani yarudi rafuni usiku huohuo, ila yale yaliyobonyea kwenye mshono au kufura yatupwe. Na ukipata mwaliko wa kucheza mji mwingine, fika siku mbili kabla, ujitolee pantri ya pale, uulize saa ya foleni, njia ya basi na masharti ya fomu, kisha ubadilishe mistari inayohusika kabla taa hazijawashwa.